Mapafu yenye makovu ya asbesto, oksijeni 84, miguu imevimba: tumefika wapi na nyumbani tufanye nini?

Mwana_Mbagala

Wakuu, habari za majukumu. Naomba wanaoyajua magonjwa ya kifua yatokanayo na kazi wanisaidie kuelewa tulipofika.

Mgonjwa ni mzee wetu, miaka 72, tuko Mbagala Rangi Tatu. Kati ya 1974 na 1991 kazi yake ilikuwa kufunga na kubandua kinga ya joto ya asbesto kwenye maboila na mabomba ya mvuke. Hajawahi kuvuta sigara. CT skani inasema kuna makovu mapafu yote mawili, zaidi sehemu za chini, vitundu vya mfano wa masega ya nyuki, na vibamba vyenye chokaa kwenye utando wa mapafu. GeneXpert imerudiwa, hakuna TB. Daktari ameandika asbestosisi.

Hali ya sasa: kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinasoma asilimia 84 hadi 86 akiwa amekaa tu. Akienda chooni na kurudi inashuka hadi 76. Kikohozi ni kikavu. Ncha za vidole zimevimba na kucha zimejikunja. Miguu yote miwili imevimba hadi magotini, na mwili unazidi kupungua. Tumepewa karatasi ya oksijeni lita 2 kwa dakika na morfini ya maji.

Ninachotaka kuelewa: hii ni hatua ya mwisho au bado? Miguu inahusianaje na mapafu? Konsentreta (mashine ya oksijeni ya umeme) ya lita 5 itafaa na huu umeme wetu? Halafu ndugu wanagoma morfini, wanasema ni ya kumaliza mtu. Wengine wanataka apewe prednisolone (dawa ya steroidi) na afukizwe nyungu.

---

KifuaKitabibu

Pole kwa kuuguza, mkuu. Umeeleza vizuri, kwa hiyo jibu linaweza kuwa la moja kwa moja.

Asbestosisi haina hatua rasmi ya kwanza hadi ya nne kama saratani. Daktari anaangalia dalili kadhaa kwa pamoja: oksijeni iko chini ya 88 mtu akiwa ametulia, pumzi inakata hata kwa kuvaa shati, uzito unashuka bila sababu nyingine, moyo wa kulia umeanza kuelemewa, CT inaonyesha vitundu vya masega. Mzee anazo zote. Ndiyo, huu ni ugonjwa uliofika mbali, na makovu yaliyopo hayatarudi nyuma. Hiyo haina maana kwamba hakuna cha kutibu.

Kwanza uelewe kwa nini ugonjwa umekuja sasa wakati kazi iliisha 1991. Nyuzi za asbesto ni nyembamba kiasi cha kufika kwenye vifuko vya hewa. Seli za ulinzi zinajaribu kuzimeza, zile ndefu zinazishinda, seli zinakufa na kumwaga kemikali zinazoita seli za kutengeneza kovu. Uzi hauyeyuki, kwa hiyo mchakato unaendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Kutoka vumbi la kwanza hadi dalili hupita miaka 20 hadi 40 kwa kawaida. Ndiyo maana watu wengi hufikiria TB au moyo, hakuna anayeuliza mzee alifanya kazi gani enzi za ujana.

Sasa ile tofauti ya 86 na 76. Kovu limeufanya ukuta kati ya hewa na damu kuwa mnene, oksijeni inapita polepole. Akikaa, damu inapita taratibu na angalau inapata muda wa kubeba kiasi. Akitembea, damu inakimbia na muda unakwisha kabla haijajaa. Kwa hiyo msipime akiwa kitandani peke yake halafu mkaridhika. Namba ya kuogopa ni ile ya njia ya chooni.

Miguu: oksijeni ikiwa chini muda mrefu, mishipa ya damu ndani ya mapafu inajibana, na mingine imeshamezwa na kovu. Upande wa kulia wa moyo unasukuma dhidi ya mlango uliofungwa nusu, mwisho unachoka, maji yanarudi nyuma: mishipa ya shingo inatuna, ini linavimba, kisha miguu na tumbo. Kipimo chake ni eko, yaani utrasaundi ya moyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko palepale Upanga, eneo la Muhimbili. Tiba ya kwanza ni oksijeni yenyewe, maana ndiyo inayolegeza ile mishipa. Furosemide (dawa ya kukojoza maji), mara nyingi 20 hadi 40 mg asubuhi, inaongezwa na daktari baada ya kuangalia potasiamu na figo. Msijinunulie tu famasi: ikizidi inakausha mwili, presha inashuka, mzee anaanguka akielekea msalani.

Kabla hamjalaumu moyo, angalieni mambo mawili. Kama anatumia amlodipine ya presha, dawa hiyo peke yake huvimbisha miguu. Na protini ya damu ipimwe, maana mtu aliyekonda hivyo anaweza kuvimba kwa sababu ya utapiamlo. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, tena unauma kwenye kigimbi, hiyo ni habari nyingine: damu imeganda, na bonge likipanda mapafuni ni dharura ya siku hiyohiyo.

Hapo ndipo ningependa familia ishike jambo moja. Makovu hayaongezeki kwa siku tatu. Yanasogea kwa miezi na miaka. Akibadilika ghafla, ndani ya saa au siku, tafuteni kitu kilichoongezeka juu ya makovu: nimonia, bonge la damu, pafu lililotoboka na kusinyaa, maji kwenye utando, moyo kuzidiwa, damu kupungua. Vingi kati ya hivyo vinatibika hata katika hatua hii. Upo pia mlipuko wa ghafla wa makovu yenyewe, lakini daktari anafikia jibu hilo baada ya kuondoa hayo mengine. "Si tuliambiwa ni ugonjwa wake" ndiyo sentensi inayowanyima wagonjwa wengi dawa rahisi ya nimonia.

Prednisolone: haisaidii asbestosisi ya kawaida. Inapandisha sukari, inadhoofisha misuli ambayo tayari imekwisha, inafungua mlango wa maambukizi. Daktari anaweza kuijaribu kwenye ule mlipuko wa ghafla, akiwa wodini, basi. Pampu ya salbutamol, ile ya pumu, nayo haina kazi kama njia za hewa hazijabana. Tatizo hapa ni pafu gumu lisilotanuka. Ipo dawa ya nintedanib inayopunguza kasi ya makovu kwa baadhi ya wagonjwa, lakini haiyaondoi, ni ghali, inaharisha na inakata hamu ya kula. Kwa mtu anayekonda hivi, mjadili na daktari kama faida inalipa.

Nyungu hapana. Nyuzi ziko ndani ya nyama ya pafu, mvuke hauzifikii. Utakachopata ni mzee mwenye oksijeni 84 aliyefunikwa blanketi kwenye joto la Dar, mpira wa puani umetolewa, na sufuria ya maji ya moto kati ya miguu iliyovimba.

Namba ile ya 84 pia ithibitisheni. Kidole kiwe na joto, mkono utulie, subirini dakika nzima. Hina au piko kwenye kucha huharibu usomaji. Vidole vilivyovimba ncha wakati mwingine havikai sawa kwenye kipimo, jaribuni kidole kingine. Na vipimo hivi huelekea kusoma juu kidogo kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo 90 ya kipimo inaweza kuwa chini ya hapo kwenye damu. Hospitali wanaweza kuhakiki kwa damu ya mshipa wa ateri.

---

FundiMitamboTiba

Nijibu la mashine.

Konsentreta ya lita 5 inatosha kwa karatasi ya lita 2. Haihifadhi oksijeni, inachuja hewa ya chumbani kwa chembechembe za zeolaiti na kutoa oksijeni ya asilimia 90 hivi na zaidi. Maana yake ni kwamba umeme ukikatika, oksijeni inakata sekunde hiyohiyo. Mtungi wa akiba si anasa.

Umeme: mashine nyingi za lita 5 zinakula wati 350 hivi. Saa 24 ni uniti 8.4 za LUKU, mwezi ni uniti 250 na ushee. Kama nyumba iko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo wa uniti 75 kwa mwezi, mtatoka humo, jiandaeni na bei nyingine. Na LUKU isiachwe iishe usiku. Mgonjwa wa oksijeni haongozwi na ule mlio wa mita.

Inveta na betri: chukua betri moja ya 12 V, Ah 200. Kwa hesabu ni Wh 2,400, lakini betri ya asidi haifai kushushwa zaidi ya nusu, zinabaki 1,200. Toa kinachopotea kwenye inveta, utapata kama saa tatu. Inveta iwe ya mawimbi kamili, si zile za bei rahisi za mawimbi ya mraba, na iwe wati 1,500 hivi, kwa sababu kompresa ikianza inavuta mara kadhaa ya kawaida yake. Stabilaiza ni lazima. Kinachoua hizi mashine mitaani kwetu ni umeme mdogo na ule unaorudi kwa kishindo, kuliko matumizi yenyewe.

Mahali pa kuiweka: sentimita 30 kutoka ukutani, mbali na pazia, mbali na jikoni. Isichomekwe kwenye ekstensheni moja na friji na pasi. Kichujio cha sponji nyuma kinaoshwa kila wiki kwa maji na sabuni, kinakaushwa kabisa kivulini ndipo kinarudishwa. Kikirudi kibichi, unyevu unaingia kwenye zeolaiti na hapo ndipo usafi wa oksijeni unaanza kushuka. Unyevu wa pwani tayari ni adui wa mashine hizi, usimwongezee nguvu. Mashine iliyokaa stoo miezi bila kuwashwa, ipimwe kwanza kwa kipima usafi. Chini ya asilimia 82 hiyo ni feni ya bei ghali.

Mnaponunua iliyotumika, msiridhike na hewa kutoka. Hewa itatoka hata zeolaiti ikiwa imekufa. Muuzaji apime usafi mbele yenu mashine ikiwa imewaka angalau nusu saa, kwenye lita 2 na pia kwenye lita 5.

Ili kujua kama oksijeni inafika puani: chovya ncha za mpira kwenye glasi ya maji, vipovu vitoke. Visipotoka, angalia mpira uliokunjika chini ya mguu wa kiti, kisha kifuniko cha chupa ya maji ya kulainisha hewa. Kifuniko kilichofungwa upande mara nyingi ndicho chanzo cha "mashine imekufa". Chupa hiyo kwa lita 2 si lazima. Mkiitumia, maji yachemshwe, yapoe, yabadilishwe kila siku. Mpira mrefu usizidi mita 15. Ule mfupi wa puani ubadilishwe kila wiki mbili hadi nne.

Moto: hapa sitanii. Oksijeni haiungui yenyewe, inafanya kila kitu kingine kiungue kwa kasi, pamoja na shuka na nywele. Jiko la mkaa, jiko la gesi, kibatari, mshumaa, udi, dawa ya mbu ya kuchoma: vyote mita tatu au zaidi, na afadhali viwe chumba kingine. Moshi wake unamkereketa kifua vilevile, kwa hiyo tumieni chandarua. Pua ikikauka msimpake mafuta ya mgando wala ya nazi chini ya mpira. Mafuta na oksijeni haviendani. Tumieni jeli ya maji ya famasi.

---

Kamanda wa Tandika

Mimi ningesema mfungulieni lita 5 muda wote apone haraka. Oksijeni haina madhara, si hewa tu?

---

KifuaKitabibu

Mkuu, hapana. Oksijeni ni dawa yenye dozi. Hewa ya ukaa inavuka ukuta wa pafu kirahisi mara 20 hivi kuliko oksijeni, ndiyo maana kwa wagonjwa hawa hubaki sawa muda mrefu. Lakini mwishoni misuli ya kupumua ikichoka inaanza kurundikana: kichwa kinauma asubuhi, mtu anasinzia katikati ya sentensi, mikono inapigapiga akiinyoosha. Hapo kumfungulia oksijeni bila kipimo kunaweza kuzidisha. Lengo la kawaida ni 90 hadi 92 akiwa amekaa, na daktari anaweza kulishusha kama damu inaonyesha hewa ya ukaa imepanda. Hakuna haja ya kufukuza 98.

Muda ndio unaohesabika zaidi: si chini ya saa 15 kwa siku, usiku wote ukiwemo. Kuivaa dakika kumi akizidiwa kisha kuivua hakuupumzishi moyo. Mwombeni daktari aandike viwango viwili, cha kukaa na cha kutembea, maana lita 2 zinaweza zisitoshe njiani kuelekea chooni.

---

Nesi_TibaShufaa

Pole sana kaka. Nishike la morfini, maana ndilo linalogawa familia nyingi.

Dozi ya kupunguza kukosa pumzi ni ndogo: kwa kawaida inaanza na 2.5 mg kwa mdomo kila saa nne, na mtu mdhaifu sana au mwenye figo mbovu hupewa mara chache zaidi. Kwa dozi hizo, ikiongezwa taratibu, hakuna ushahidi kwamba inafupisha maisha. Inachofanya ni kutuliza kengele ya ubongo inayosema "unakaba". Oksijeni inaweza kusoma 91 na mtu bado anahisi anazama, kwa sababu pafu gumu linatuma ujumbe wake wenyewe. Ndiyo maana vyote viwili vinaandikwa.

Someni lebo kabla ya kumwaga. Kama chupa inasema 5 mg kwa 5 ml, basi 2.5 mg ni 2.5 ml. Chupa yenye nguvu nyingine, hesabu inabadilika kabisa, na hapo ndipo ajali hutokea. Pimeni kwa sirinji isiyo na sindano, si kijiko cha chai. Andikeni saa kwenye daftari, hasa kama mnapokezana kulala naye, la sivyo atapewa mara mbili.

Choo kitafunga. Si "kinaweza", kitafunga. Papai na maji havitoshi, aanze bisacodyl 5 hadi 10 mg usiku siku ileile anayoanza morfini. Choo kilichofunga kinasukuma tumbo juu na pumzi inazidi kuwa fupi, halafu lawama inakwenda kwa morfini. Kichefuchefu cha siku za mwanzo hupita. Daktari anaweza kuongeza metoclopramide. Kusinzia siku mbili tatu ni kawaida, mara nyingi ni usingizi aliokuwa anaudai. Kisicho kawaida: haamshiki, anapumua chini ya mara nane kwa dakika, mboni zimekuwa kama nukta. Hapo hakuna dozi nyingine, ni simu kwa daktari au hospitali mara moja. Na asichanganyiwe na dawa za usingizi za kujinunulia.

Morfini haiuzwi holela. Inahitaji karatasi ya daktari. Kwa Dar, Taasisi ya Saratani Ocean Road ndiyo yenye uzoefu wa muda mrefu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso. Mwulizeni daktari wenu akupeni rufaa ya kitengo cha tiba shufaa. Neno hilo halimaanishi wameacha kutibu.

Yasiyo ya dawa: feni ndogo ya mkononi ielekezwe mashavuni na puani, dakika tano, inapunguza hisia ya kukosa hewa kuliko mnavyodhani. Akizidiwa asilazwe chali. Akae, ainame mbele, viwiko juu ya meza au juu ya mto uliowekwa mapajani. Watu wawili chumbani, si kumi, dirisha wazi. Stuli bafuni, aoge amekaa na oksijeni puani, na taulo kubwa afunikwe akauke badala ya kujifuta. Ndoo ya usiku au kiti cha choo kando ya kitanda kinampunguzia ile 76. Chakula kidogo kidogo mara sita, kwa sababu tumbo lililojaa linabana kifua. Uji uongezewe karanga, maziwa au yai. Msimlazimishe kumaliza bakuli.

---

Mwana_Mbagala

Asanteni sana, mmefungua mengi. Nyongeza: tangu juzi analalamika maumivu ya upande wa kulia wa kifua, mazito, na akilalia kushoto pumzi inabana zaidi. Hii bado ni asbestosisi? Na kliniki ni Jumanne asubuhi Muhimbili, tuna mtungi mdogo wa lita 2 tu. Je, kuna haki yoyote kuhusu kazi aliyofanya?

---

KifuaKitabibu

Asbestosisi yenyewe haiumi. Maumivu ya upande mmoja msiyasubirishe hadi Jumanne. Yakiwa yameanza ghafla, au pumzi imeshuka kuliko jana, mpelekeni leo: pafu lililosinyaa, nimonia na bonge la damu ndivyo vya kuondolewa kwanza. Hata kama hali imetulia, apigwe eksirei na utrasaundi ya kifua mapema iwezekanavyo.

Yakithibitika maji kwenye utando, kuna njia kadhaa. Asbesto inaweza kuleta maji yasiyo saratani. Moyo nao huleta maji, ingawa mara nyingi pande zote mbili. Lakini kwa mwenye historia hii, maumivu mazito yanayokua, maji upande mmoja yenye damu na kukonda, lazima ifikiriwe mesothelioma, saratani ya utando wenyewe, ambayo huchukua miaka 30, 40 au zaidi kujitokeza na haihusiani na sigara. Saratani ya pafu ni nyingine. Hiyo ndiyo ambayo sigara na asbesto huzidishana, na dalili zake ni pamoja na kukohoa damu na sauti kukauka.

Kuyavuta maji kunampa nafuu ndani ya saa, lakini yasitolewe yote kwa mkupuo. Kawaida ni lita moja hadi moja na nusu, na wanasimama mapema akianza kukohoa sana au kifua kukaza, kwa sababu pafu lililobanwa muda mrefu likifunguka kwa kasi linaweza kujaa maji ndani yake. Maji peke yake mara nyingi hayatoi jibu la mesothelioma. Kinahitajika kipande cha utando na rangi maalumu za maabara. Hapa muulize swali gumu kabla ya kukubali kipimo: jibu litabadilisha nini? Mtu ambaye hatoki kitandani na oksijeni yake ni 84 mara nyingi haiwezi tiba ya kemikali ya saratani, yaani pemetrexed na cisplatin. Kwake, kutoa maji, kuzuia yasirudi kwa kuweka poda ya talki kati ya tabaka za utando, au kuacha mrija mdogo wa kumwaga nyumbani kunaweza kuwa na maana zaidi kuliko jina kamili la ugonjwa. Talki nayo inafanya kazi pale tu pafu linapoweza kutanuka na kugusa ukuta. Pafu lenye kovu gumu wakati mwingine halifiki.

---

Afya_Kazini

La haki: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ndiyo iliyounda WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mfuko ulianza kazi 2015. Kazi ya mzee iliisha 1991, kwa hiyo msitegemee jibu jepesi, ila pelekeni faili waamue wao. Ubishi hushindwa kwa karatasi. Daktari aandike historia ya kazi mwaka kwa mwaka: alifanya nini, vumbi kiasi gani, alipewa kinga gani. Tafuteni kitambulisho cha kazi, barua ya ajira, kumbukumbu za mfuko wa akiba na pensheni: NPF ambayo sasa ni NSSF, au za PPF kama lilikuwa shirika la umma. PPF iliunganishwa ndani ya PSSSF 2018. Wenzake wawili walio hai waandike maelezo mapema. Picha ya kifua isomwe kwa mfumo wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, na diski ya CT ikae kwenu; ripoti ya karatasi peke yake haitoshi kama mtaalamu mwingine atataka kuangalia.

Na msianze kuvunja paa la asbesto la nyumbani, kama lipo, kwa hasira. Likiwa zima halimwagi vumbi la maana. Likikatwa kwa msumeno au kusuguliwa kwa brashi ndipo nyuzi zinaruka. Kuliondoa ni kazi ya wenye vifaa, likiwa limeloweshwa, na utupaji wake ni wa taka hatarishi, chini ya mamlaka ya taifa ya mazingira.

---

Nesi_TibaShufaa

Kaka, hujaliuliza ila naliandika, muwe mnalijua kabla. Siku za mwisho atalala sehemu kubwa ya siku, atakataa chakula kisha maji, mikono na miguu itapoa, pumzi itakwenda kwa mawimbi na vituo katikati. Huo si muda wa kumtia uji mdomoni kwa kijiko. Unaingia kwenye njia ya hewa. Lowesheni midomo kwa pamba. Mkoromo wa mate kooni unawasumbua walio pembeni kuliko yeye. Mgeuzeni ubavu, na daktari anaweza kuandika hyoscine. Akishindwa kumeza, morfini isikatwe ghafla, ombeni maelekezo ya sindano ya chini ya ngozi. Mapema, angali anaongea vizuri, mwulizeni yeye mwenyewe anataka kuwa wapi, nyumbani au wodini, na kama atapenda mashine ya kupumulia. Kwa makovu ya kiwango hiki mashine ya ICU mara chache humrudisha mtu nyumbani. Jibu lake liandikwe kwenye faili, na anayepiga simu usiku alijue.

---

FundiMitamboTiba

Hesabu ya mtungi: lita za mtungi zilizoandikwa shingoni, zidisha na bar (kipimo cha shinikizo) zinazoonekana kwenye geji. Lita 2 kwa bar 100 ni lita 200 za oksijeni. Kwenye lita 3 kwa dakika, tuseme daktari akiongeza kiwango cha kutembea, ni dakika 66, na hapo hujaacha akiba. Mbagala hadi Upanga asubuhi ya Jumanne kwa Kilwa Road, pamoja na kusubiri mapokezi, haitoshi hata kidogo. Azimeni wa lita 10: bar 150 ni lita 1,500, zaidi ya saa nane kwa kiwango hicho. Garini ulazwe na ufungwe mkanda, vioo wazi kidogo, asivute mtu sigara. Valvu ifunguliwe taratibu kabla hamjatoka nyumbani, sikilizeni kama inavuja kwenye regyuleta, na spana yake iwe mfukoni mwa anayekaa na mzee, si kwenye buti.